Mama Letezgi na Kikombe cha Tatu

Wasikilizaji wapendwa, tieni mkaa jikoni, bandikeni kahawa, mkae. Leo hatulii sana. Marehemu mwenyewe hakupenda makelele ya kilio.

Leo ni arobaini ya Mama Letezgi binti Gebrai, wa hapa hapa kwetu Dekemhare. Dereva wa lori. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: dereva wa lori, mama wa miaka sabini na saba, aliyeambiwa lori lake ni chuma chakavu, akakataa.

Lori lenyewe mnalijua. Lile la kijani, mlango mmoja wa buluu, lililotoka Italia kabla Mama Letezgi hajazaliwa. Mumewe, Okbay, alikuwa dereva. Utingo wake alikuwa nani? Mkewe! Miaka kumi na mmoja alikuwa utingo wa mume wake. Watu walimcheka sokoni. Yeye aliwajibu, "Cheka, ukimaliza nipe hilo jiwe niweke nyuma ya tairi."

Okbay alipoanza kuumwa miguu, wakabadilishana viti. Mama akashika usukani. Msimu wa mvua alipandisha Asmara matunda ya mpungate, yale yenye miiba. Okbay alipofariki, Mama aliendelea kuendesha. Hakuna aliyemruhusu, na yeye hakuomba ruhusa.

Sasa sikilizeni. Miezi miwili baada ya mazishi, lori likashikwa na ugonjwa. Linaondoka vizuri. Likianza kupanda mlima linakohoa, linakohoa, linazima. Mama anashuka, anawasha jiko kando ya barabara, anakaanga buni. Kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu, kile tunachokiita cha baraka. Akimaliza cha tatu anapiga stata, lori linawaka! Linakwenda kidogo, linazima tena. Mzigo mzima wa mpungate ukamwozea njiani.

Ndipo akaja shemeji yake, Asgedom, mdogo wake Okbay. Akakusanya wazee wa ukoo uani kwa Mama. Akasema, "Lori ni la ukoo. Lisipofika Asmara Jumamosi, linakatwa. Litatoa makarai na majiko, angalau lifae kitu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Na mimi, wasikilizaji wapendwa, nilikuwepo, na mimi nikaitikia. Nikamwambia, "Mama, liache upumzike."

Akaniangalia. "Mwanangu, kupumzika nitapumzika makaburini. Kule nafasi ipo. Wewe kunywa kahawa yako uondoke."

Mafundi walikuja watatu. Kila mmoja alikunywa kikombe cha kwanza, akataja ugonjwa, akaenda zake. Wa kwanza alisema pampu ya mafuta. Wa pili akasema injini inapata joto. Wa tatu akasema, "Mama, huu ni uzee tu."

"Uzee?" Mama akamuuliza. "Mbona wewe unazeeka na bado unawaka?"

Binti yake, Rigbe, amenisimulia wiki hii. Anasema, "Alhamisi asubuhi Mama alitoa jiko uani, akaliweka mbali kidogo na lori. Akawasha injini. Ikanguruma, baadaye ikazima. Akalowesha kitambaa kwa maji baridi, akaifunga ile pampu mpaka ikapoa. Akapiga stata. Kimya! Akaniambia, 'Basi si joto. Futa hilo.'"

Wakanywa kahawa. Kikombe cha tatu kilipoisha, lori likawaka.

Asgedom alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, anasubiri Jumamosi yake. Akasema, "Si unaona? Ni baraka ya kikombe cha tatu."

"Baraka haipigi stata, shemeji," Mama akamjibu. "Sisi tukinywa kahawa, kuna kitu kinarudi humu ndani polepole. Nataka kukijua jina."

Ijumaa wakawasha tena. Lori likazima tena. Buni bado iko kwenye kikaango, hata kikombe cha kwanza hakijamiminwa. Rigbe akachukua kijiti apime mafuta. Akafungua kifuniko cha tangi. Fyuuu! Tangi likavuta pumzi ndefu, kama mtoto aliyelia sana akanyamaza.

Mama akaweka kikaango chini. "Rigbe, piga stata."

Rigbe akapiga. Lori likawaka. Bila kikombe hata kimoja!

Wasikilizaji wapendwa, kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo. Mafuta yakitoka, hewa inaingia hapo. Kitundu kikizibwa, tangi linabana, mafuta yanakataa kwenda. Ukikaa ukanywa kahawa, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, ndiyo maana lori liliwaka. Mama akakigeuza kile kifuniko. Kitundu kilikuwa kimezibwa na nta.

Rigbe anasema mama yake alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. Aliijua ile nta. Ilikuwa ya mshumaa wa arobaini ya Okbay. Mafuta yalikuwa yanaruka kwenye kona, akaona bora azibe kwa nta ya mshumaa ule, ili mume wake asafiri naye. Alikiziba mwenyewe, kwa kidole chake.

Akachukua kisu, akaanza kukwangua. Asgedom akaruka. "Letezgi! Unakwangua nta ya arobaini ya kaka yangu?"

Mama alikuwa analia, lakini kisu hakikusimama. "Kaka yako alipokuwa anakata roho aliomba nini? Si aliomba tufungue dirisha? Nani alimsikia akiomba mshumaa?"

Asgedom akarudi kukaa kwenye kigoda.

"Na msinitafutie mchawi," Mama akasema. "Niliyekiziba ni mimi. Ninayekizibua ni mimi. Kesho tunapanda Asmara, na utingo wangu ni wewe, shemeji."

Jumamosi lori lilipanda mlima wote bila kukohoa. Waliokuwa barabarani walimwona mzee Asgedom na suti yake ya kanisani, anashuka na jiwe kuweka nyuma ya tairi. Tangu siku hiyo Mama Letezgi aliendesha miaka tisa mingine.

Rigbe, pole sana dada yangu. Mzee Asgedom, pole. Ukoo wote wa Gebrai na wa Okbay, poleni. Na sisi wengine tujiulize: ni nani tumemwita chakavu baada ya kikombe kimoja tu? Mimi nilifanya hivyo. Mama Letezgi, naomba radhi hapa hapa hewani, watu wote wakisikia.

Leo asubuhi, baada ya misa, jamaa walilizunguka lori na mishumaa yao. Mjukuu mmoja akataka kudondosha nta kwenye kifuniko cha tangi, bibi asafiri nao. Asgedom, ambaye sasa anatembelea fimbo, akaitupa fimbo chini. Akafunika kile kifuniko kwa kiganja chake.

"Pakeni bampa," akasema. "Pakeni milango, pakeni hata kioo. Hapa hamgusi. Hapa Letezgi anapumua."

Rigbe akapiga stata.