Bi. Doreen Birkett na Sakafu Aliyoifukia

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi. Doreen Birkett anastaafu usimamizi wa wachimbaji wa kujitolea wa mabaki ya kale hapa Thornbeck. Banda la zana ameliacha limefagiliwa. Tunamwonea huruma mrithi wake, maana hali hiyo haitadumu.

Alipoanza, jumba letu la Kirumi lilikuwa bado limefukiwa chini ya malisho ya kondoo, na wachimbaji walikuwa wanne, wote wamefuata keki. Leo tumejaa uwanja: walimu, wauguzi, wastaafu wenye magoti mabovu. Alitufundisha kukwangua udongo taratibu kwa mwiko, tusiuchimbue kama wavunaji viazi, na kuosha vigae kwa mswaki bila kunung'unika. Hilo la mwisho bado hatujafuzu.

Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Mwaka fulani Clive Mossop, fundi bomba mstaafu, alituita kwa kelele tukaone bomba la Warumi. Doreen aliinama, akafuta tope, akakuta ni bomba la kutolea maji shambani, alilolilaza Clive mwenyewe ujanani.

"Hongera, Clive," akasema. "Umejifukua mwenyewe."

Miaka yote hiyo alitamani kitu kimoja: kuona sakafu ya vijiwe vya rangi. Ijumaa ya mwisho ya msimu huu, ya mwisho kwake pia, ikajitokeza pembe yake, na mkia wa samaki mwekundu, picha iliyopangwa kwa vijiwe, uliopotelea chini ya udongo.

"Siku mbili tu, Doreen, tumwone mzima!" Clive alimsihi. "Mwakani si hutakuwapo!"

Lakini mvua ilikuwa njiani, na nyuma yake baridi. Maji yakiganda kati ya vijiwe vile, huving'oa. Angekubali, nani angemlaumu? Alipiga magoti, akautazama ule mkia kwa kitambo.

"Amengoja tangu enzi za Warumi, atangoja Juni," akasema. "Haya, leteni kitambaa na mchanga tumfunike."

Koleo la kwanza alilimwaga yeye. Wengi wetu tulilia, na hatuoni aibu kusema.

Bi. Doreen, ahsante. Mwezi Juni msimamizi mpya ataifunua sakafu hiyo, na tumekwisha kukubaliana naye: mchanga ule hautaguswa mpaka wewe uwe umepiga magoti hapo. Tunakutakia mapumziko mema, afya tele, na kiangazi kikavu.