Mama Chupa na Wanafunzi Wake Kumi na Wanne

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki: mama yetu tunayemzika leo, Jumanne tarehe 18 Juni 2024, alifariki Alhamisi akiwa anaisubiri Ijumaa. Ijumaa hiyo mwanafunzi wake wa kumi na nne alikuwa anatetea utafiti wake chuo kikuu kwa mara ya pili na ya mwisho, na Mama alitaka kujua jambo moja tu: amepita au hajapita. Tutafika huko. Mwenyewe hakupenda mtu anayeruka kurasa, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa mpeleka barua na mshonaji wa nguo. Baba yake alimfundisha mapema kwamba fomu isiyojazwa yote haifiki popote. Somo hilo lilimkaa kichwani kupita kiasi, kama mtakavyosikia. Mama yake alijaribu kumfundisha kushona, akanyoosha mikono. Shati pekee aliloshona lilikuwa na mikono yote miwili ya kushoto, na mjomba wetu alilivaa mwaka mzima ili asimvunje moyo dada yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari hadi 1975. Alitamani chuo kikuu, lakini baba yake aliugua, wadogo wakawa wanamtazama yeye. Ndoto akaiweka kiporo. Aliipasha moto mwaka 1994, akiwa na miaka thelathini na saba na watoto watatu. Siku ya kwanza alipoingia darasani, wanafunzi wote walisimama wakidhani ni mhadhiri. Akawaambia, "Kaeni, wanangu. Mimi nami nimekuja kuulizwa." Alihitimu shahada ya kemia tarehe 28 Novemba 1998, na vigelegele vya shangazi yetu vilimnyamazisha mkuu wa chuo katikati ya hotuba.

Kazi aliianza Februari 1976, maabara ya idara ya maji, akiosha chupa za kuchukulia sampuli. Ndipo alipopata jina la Mama Chupa, kabla hata hajawa mama. Alipanda ngazi moja moja hadi akawa mkuu wa maabara mwaka 2003, na bado chupa zake aliziosha mwenyewe, mara tatu. "Chupa chafu inausingizia mto," alisema. Alistaafu mwaka 2017, baada ya miaka arobaini na moja.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi saa, tarehe 22 Desemba 1979. Alikuwa amempelekea saa ya ukutani ya maabara, iliyokuwa inachelewa dakika kumi. Fundi akaishikilia mwezi mzima. Saa ilipona wiki ya kwanza. Aliyekuwa mgonjwa ni fundi. Bibi yetu mzaa baba aliposikia mchumba anaitwa Mama Chupa, alidhani mwanawe kaangukia kwa muuza pombe. Akafunga safari hadi maabara kujionea. Alimkuta binti mwenye koti jeupe, mikono ndani ya povu, akaondoka amebeba jibu la ndiyo.

Sasa tuje kwenye jambo lililowaleta wengi wenu hapa. Mwaka 2009 chuo kikuu kilianzisha mpango wa wahitimu kuwalea wanafunzi, kila mhitimu na mwanafunzi wake. Mama alijaza fomu yote, pamoja na ukurasa wa wanafunzi unaouliza, "Ungependa kusaidiwa nini?" Aliandika mambo tisa. Ofisi ikamweka upande wa wanafunzi, ikampa mlezi: wakili kijana wa miaka ishirini na saba, ambaye yupo hapa leo akiwa na mvi zake. Walipokutana mara ya kwanza, kijana alishikwa na kigugumizi.

"Samahani, Mama. Nadhani wamekosea."

"Wamekosea, ndiyo. Lakini umeshakuja, na mimi nina mambo tisa. Kaa."

Mama alikuwa mwanafunzi wa kijana huyo muhula mzima. Baadaye alituambia hakuna kilichomfaa kama kosa lile, maana alionja kukaa upande wa pili: saa nzima inaisha kwa salamu na adabu, na swali lililokuleta unarudi nalo nyumbani. Alipohamishiwa upande wa walezi, alikuwa na sheria zake. Mwanafunzi aje na swali moja lililoandikwa, na aeleze alichokifanya tangu walipoonana. Na kikao cha kwanza hakikuwa cha kukaa. Kilikuwa cha kuosha chupa sinkini, bega kwa bega, kwa sababu mtu mwenye mikono majini husahau kuyachunga maneno yake. Alipostaafu, zamu ilihamia jikoni kwetu. Wahandisi wawili na daktari mmoja walianza safari zao kwa kusugua masufuria yetu, na sisi watoto tuliushukuru sana mpango ule.

Wa kumi na nne alikuja mwaka 2022, binti mpole anayesomea maji, kazi ya Mama. Mwaka uliofuata jopo liliukataa utafiti wake. Alileta barua ya kuacha chuo ili Mama aisahihishe lugha. Mama akaisahihisha kweli, nukta na mkato, kisha akamwambia, "Barua nzuri. Usiipeleke. Wameikataa kazi, hawajakukataa wewe." Akawaita wanafunzi wake wote wa zamani, pamoja na yule wakili aliyewahi kuwa mlezi wake. Jumamosi sita mfululizo sebule yetu iligeuka jopo: wakili akiuliza maswali ya kikatili, daktari akijifanya amesinzia, na baba yetu akipima dakika kwa saa tatu tofauti, asije akalaumiwa.

Wakati huo Mama alikuwa mgonjwa. Figo ziligundulika kuchoka Oktoba 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. "Miaka arobaini na moja nimeosha," aliwaambia wauguzi, "sasa na mimi nioshwe." Jumatano iliyopita alituita karibu. "Nikienda kabla ya Ijumaa, msimwambie mpaka atoke kwenye chumba kile." Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Juni, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa fundi saa wake.

Ijumaa saa moja asubuhi simu ya Mama iliita; alikuwa binti, akimtafuta Mama. Baba aliipokea, na hatujui alizitoa wapi nguvu. "Mama ameacha ujumbe," alisema. "Uingie, uongee polepole, na yule wa jopo mwenye miwani asikutishe, hiyo ndiyo sura aliyozaliwa nayo." Akakata simu, akalia kama mtoto.

Saa sita binti alifika mbio na viatu vyake vya jopo, akakuta viti uani. Alitukasirikia, na alikuwa na haki. "Mngeniambia!" Baba akamjibu, "Ilikuwa amri yake, mwanangu. Mimi nimeishi naye miaka arobaini na minne, sijawahi kushinda." Binti akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akasema matokeo hatamwambia yeyote, kwa kuwa aliapa Mama atakuwa wa kwanza kuyasikia. Tulimwomba tuyaweke humu, yasomwe mbele ya Mama. Alikubali jana, na mchapaji wa kijitabu hiki aliapishwa asifungue mdomo.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wanne, na wanafunzi kumi na wanne. Hawa wa mwisho walidai kuandikwa kwenye orodha ya familia, na hatukuwa na hoja ya kuwapinga.

Mama, binti amepita. Wamempa marekebisho mawili madogo, na moja ni nukta. Ameshachukua fomu ya walezi, naye ameijaza yote.

Sasa upumzike, Mama yetu, kwa amani uliyoitolea jasho.