Sirene ya Kufuturu

Tangu treni itoke Bukama, abiria wawili wasiojuana walikuwa wakibishana juu ya king'ora kilichozimwa cha atelie, karakana ya reli ya Kamina, na Lumbu, aliyeketi mbele yao, alikuwa ameshakata tamaa ya kulala.

"Ile sirene ilikuwa ya kuita batumikaji ku kazi," alisema mzee Constant, fundi mstaafu wa reli. "Kampani inaangalia benye kuweka makuta, feza yabo, kisha benye kutumika. Sirene inakula courant ya umeme bure. Njo maana baliizima."

"Na siye benye kukaa pembeni ya atelie, papa?" aliuliza Mama Fadhila, muuza vitenge. "Moshi yenu tulimeza. Mu Ramazani, muntu wenu alikuwa anaivuta jua likizama, juu ya siye Baislamu tufungue saumu. Baba yangu hakugusa tende mbele ya ile sirene kulia."

"Bakubwa ba kampani habakujua ile. Kampani haiko mama ya muntu."

Lumbu aliona mzee amelisema hilo kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Treni ikasimama Kamina. Jua lilikuwa limeshazama, na simu mkobani mwa Mama Fadhila ikatoa adhana. Akafungua leso, akatoa tende ya kufuturu, lakini hakuila. Alikuwa akitazama paa la atelie, palipokuwa na king'ora.

Mzee Constant akamwona. Akazungushia mdomo viganja viwili, akalia: "Uuuuuu!" Behewa zima likageuka.

Mama Fadhila akauma tende.

"Ile ya zamani ilikuwa murefu, papa," akalalamika, mdomo umejaa.

Mzee akavuta pumzi tena.