Mdogo Wangu, Fundi Lifti Asiyeshika Ufunguo

Ndugu, jamaa na majirani, poleni na msiba, poleni na jua. Mlioshika ratiba, ukurasa wa tatu msinifuate. Kilichochapwa pale kaandika kaka yetu mkubwa, na kinasema marehemu alikuwa "mshauri wa vijana na mpenda michezo". Mchezo upi? Hata karata hakujua kuchanganya. Marehemu aliniachia barua ya mkono wake, ya tarehe 3 Oktoba, akatia sahihi mbele ya mkewe: "Dada, wasifu wangu usome wewe, na usinipambe." Basi kaka, uniwie radhi, nasoma wangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha nyuma, akiwa wa mwisho kati yetu watatu. Mimi nilikuwa na miaka sita, na mgongo uliombeba ndio huu. Alikuwa mtoto wa kuning'iniza vitu. Akiwa na miaka saba alipitisha kamba kwenye boriti, akamtia paka wetu kwenye ndoo, akampandisha mpaka juu. Paka yule ndiye abiria wake wa kwanza. Alipofika juu akakojoa, na mkojo wote ukamshukia fundi kichwani. Mama alicheka hadi akasahau kumchapa.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya reli, kisha sekondari hadi mwaka 1975, kisha chuo cha ufundi, akapata cheti cha umeme mwaka 1979, wa pili darasani. Januari 1980 kampuni ya lifti ikamwajiri. Kwa miaka ishirini na tisa alitunza lifti za nusu ya mji. Aliweka sikio mlangoni, akasema, "Kapi ya juu inalia," na kweli ukifungua unakuta gurudumu hilo la kamba limelika.

Jumamosi tarehe 20 Septemba 1986 alimwoa wifi yangu, karani wa ofisi ya maji, wakajaliwa binti na mwana. Kwa nje ndoa ilimeremeta. Ndani, wifi alikuwa anafua mashati yanayonukia manukato ya watu wasiojulikana. Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini. Nimefua kila kinachoweza kutoka kwenye mwili wa binadamu na sikuwahi kutapika. Nilitapika siku niliyoambiwa habari za tarehe 2 Juni 2009.

Siku hiyo marehemu alikuwa zamu kwenye jengo la ghorofa tisa. Saa mbili asubuhi lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ndani yumo mwalimu mstaafu wa ghorofa ya saba, bibi wa miaka sabini. Walinzi walipiga simu ya fundi, imezimwa. Wakapiga, wakapiga. Fundi alikuwa humo humo jengoni, ghorofa ya tano, kwenye nyumba tupu ambayo ufunguo wake alikuwa nao kwa ajili ya kazi, na mwanamke ambaye hata jina hakumuuliza. Bibi wa watu alitolewa saa saba mchana. Alikuwa amejisaidia pale alipokaa, na watu wamejaa mlangoni wakimwangalia. Astaghfiru! Nalisema hili mbele ya jeneza. Lakini mwenye jeneza ndiye aliyeniagiza.

Kazi iliisha wiki hiyo. Wifi akachukua watoto akaenda kwao. Marehemu akaja kulala sebuleni kwangu, na mimi nikawa namtengea sahani yake na kikombe chake, kama mwenye kipindupindu. Daktari wa maradhi ya akili alimpa kijitabu cha hatua kumi na mbili, za watu ambao tamaa ya mwili imewashika shingo, hawaiwezi peke yao. Alikisoma mpaka jalada likatoka. Mjini hapa hapakuwa na mkutano wa namna hiyo, akasema ataanzisha. Nikamwambia, "Wewe? Fisi afungue bucha?" Akaniambia, "Ndiyo maana ufunguo utashika wewe, dada."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kuanzia Jumanne tarehe 11 Januari 2011. Chumba ni kile cha ghorofa ya kwanza juu ya duka la rangi, kina viti vya plastiki kumi na viwili na kochi moja kuukuu la mwenye nyumba. Kwa sababu ya kochi lile na yeye anavyojijua, mwanzilishi wa mkutano hakuwahi kushika ufunguo wa mkutano wake. Nilifungua mimi saa kumi na moja jioni, nikafunga mimi saa kumi na mbili na nusu. Mlangoni pana beseni la bluu. Kila anayeingia anatumbukiza simu yake. Kisha mmoja mmoja husema, "Mimi ni mgonjwa," na siku ngapi amekaa salama. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: ukizidiwa, mpigie mwenzako kabla hujafanya, usimpigie baada.

Mimi nilikaa kwenye stuli nje ya mlango, na mlango ule ni wa mbao nyembamba. Niliyoyasikia nitazikwa nayo. Nitasema tu kwamba mwaka mzima wa kwanza, wakishaondoka, nilivaa glavu nikavifuta viti vyote kwa dawa ya kuua vijidudu. Siku moja mmoja wao alisahau mwavuli, akarudi akanikuta. Akauliza, "Shangazi, kwani sisi tunaambukiza?" Nikamjibu, "Chukua mwavuli wako uende." Wiki iliyofuata nilifuta bila glavu. Kufuta sikuacha.

Msidhani marehemu alipona akawa malaika. Jumapili moja ya mwaka 2016, adhuhuri, alikuja kwangu anataka ufunguo. "Nimesahau miwani kule juu." Miwani ilikuwa kifuani pake, inaning'inia kwa kamba. Nikakataa. Alinitukana tusi ambalo mama angelisikia angemfinya midomo. Jumanne akasimama mbele ya wote, akasema kulikuwa na mwanamke anamsubiri pale kona. Siku zake za miaka mitano zikafutwa, maana kwao hata kupanga ni kuanguka, akaketi kwenye kiti cha mgeni, akahesabu siku ya pili. Niliona kinyaa. Pia niliona kwamba mimi, pamoja na usafi wangu wote, sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema jambo langu hata moja.

Yule mwalimu wa ghorofa ya saba hakupanda lifti tena. Marehemu alimwendea kumwomba radhi, akafungiwa mlango. Akarudi Jumamosi iliyofuata, akamkuta chini na mizigo ya sokoni, akaibeba ngazi zote. Alifanya hivyo kila Jumamosi kwa miaka kumi na mitatu. Bibi hakuwahi kumwambia amesamehewa. Juzi alikuja matangani, ana miaka themanini na mitano sasa, akauliza neno moja tu: "Na mizigo yangu?"

Wifi alirudi mwaka 2013. Aliniambia, "Nimerudi wifi, lakini godoro langu nimekuja nalo." Walilala vitanda viwili hadi mwisho, na watoto wakaanza tena kumwita baba.

Agosti mwaka huu marehemu aligundulika ana kansa ya kongosho. Wodini watu wa mkutano walimtembelea wawili wawili, na muuguzi akiwauliza wao ni nani wanasema, "Wateja wa lifti." Kaka alikuwa anawaona. Akanivuta koridoni: "Familia yetu si ya uchafu huu. Akifa, Jumatatu inayofuata ufunguo urudi kwa mwenye nyumba." Na mimi nilikuwa nimechoka jamani, nina miaka sabini na miwili, nimechoka na kinyaa cha miaka kumi na mitatu. Jumanne hii iliyopita sikwenda kufungua. Nilikaa nyumbani nikanywa chai.

Alhamisi tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi, mdogo wangu alinishika mkono. Akauliza, "Dada, Jumanne ulifungua?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho, na baada ya muda mfupi akafariki. Mtu aliyehangaika miaka yote hiyo kuacha uongo, mimi nikamsindikiza na uongo. Jana yule wa mwavuli aliniambia, "Shangazi, tulisimama kwenye ngazi mpaka duka la rangi likafungwa. Mmoja wetu akaondoka peke yake, na simu yake hadi leo haipatikani." Kwa hiyo kinyaa nilichokuwa nacho kwao nimekirudisha nyumbani, kwangu mwenyewe, na ninyi mnaochekea nyuma ya ratiba huku simu zenu zina laini mbili mbili, kipande chenu cha kinyaa hicho kipo.

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana, mjukuu mmoja, kaka yake, mimi, na watu kumi na mmoja ambao majina yao kamili siyajui. Wapo hapa. Msigeuke kuwatafuta.

Kaka, ufunguo huu hapa mkononi, na Jumatatu hauendi popote. Jumanne, saa kumi na moja jioni, juu ya duka la rangi. Kama yule wa simu isiyopatikana yumo humu, au mwingine asiyewahi kupanda ngazi zile, kiti kipo, na kimefutwa. Mimi ni mgonjwa, na ugonjwa wangu ni uongo. Leo ni siku yangu ya kwanza.

Lala salama, mdogo wangu. Nitafungua.