Hewa Safi kwa Kuku wa Rabson

Kijiwe chetu cha Nanyala kiko kando ya barabara kuu, mkabala na nyumba ya Rabson. Ni benchi moja, birika la dada Roda na jiko lake la mkaa. Sheria yetu ni kwamba anayeomba ushauri ndiye analipia kahawa. Ndiyo maana Rabson, aliyeamua kufuga kuku kwa hela ya mavuno ya kahawa ya mke wake, ameshauriwa wiki nzima na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumaliza. Sasa mtaji umekwisha, banda limesimama, na asubuhi hii ya Julai, ukungu ukiwa bado chini, tulikuwa tunamsubiri mkewe, mama Lusubilo, ashuke na vifaranga kutoka Mbeya.

Zabron tunamwita Bwana Mifugo kwa sababu aliwahi kupanga nyumba moja na bwana mifugo. Ndiye aliyeanza.

— Chakula cha dukani ni cha watu wenye haraka. Sisi tunachanganya wenyewe. Pumba, mahindi ya kuparaza, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa kidogo. Umemaliza.

— Dagaa nimechukua gunia zima, alisema Rabson. — Ulisema kununua kidogo kidogo ni hasara.

— Na ni hasara kweli. Roda, mwongeze Rabson.

— Rabson hajanywa hata kimoja. Wewe ndiye unaongezwa.

Lwitiko, ambaye pikipiki yake haikauki mpakani Tunduma, akatikisa kichwa.

— Mashudu ungeniachia mimi, kaka. Ng'ambo, Zambia, kuna ya soya. Kuku akila wiki mbili tu, asubuhi anakuamkia kwa Kibemba: mulishani.

— Huyo atataka alipwe kwa kwacha, nikasema.

— Cheka tu. Mayai yakianza nayavusha trei kwa trei. Mwakani kaka Rabson ana Fuso.

— Fuso mbili, alisema Zabron. — Kuna kitu sijawaambia. Ukitia maganda ya kahawa kwenye mchanganyiko, kuku halali. Kuku asiyelala anataga usiku na mchana.

— Umejaribu wapi? aliuliza Roda.

— Nimejijaribu mwenyewe. Nikinywa hapa, usiku silali.

— Na umetaga?

Tulicheka wote isipokuwa Rabson. Yeye alikuwa anatazama banda lake.

— Wasiwasi wangu ni kwamba mama Lusubilo hajaliona.

Kwa kweli lilipendeza. Lilikaa juu ya nguzo, wavu chini, wavu pande zote, na upepo wa milimani ukipita humo utakavyo. Kila mmoja wetu alitia mkono.

— Hewa safi, alisema Zabron. — Kuku wengi wanakufa kwa kukosa hewa.

Kosta ikasimama. Gwantwa, ndiye mama Lusubilo, akashuka na boksi lenye matundu. Alikuwa amelifunika kwa kitenge chake cha mabegani, mwenyewe akitetemeka. Ndani ya boksi vifaranga walikuwa wanalia.

— Pole na safari, shemeji, tulisema.

— Asanteni.

Alienda moja kwa moja kwenye banda. Alilizunguka, akapitisha mkono chini ya wavu, kisha akarudi kwenye benchi taratibu.

— Baba Lusubilo, hiki ni kichanja cha kuanikia kahawa.

Tukatazama. Kilikuwa kichanja cha kahawa. Tumejenga vichanja tangu utotoni, na mikono ilikwenda yenyewe.

— Ni cha kuku, shemeji, alisema Zabron. — Kina mlango.

— Sawa. Sasa hawa wametotolewa jana na wanataka joto. Leo wanalala wapi, au tunawaanika?

Bwana Mifugo alichungulia kikombe chake. Lwitiko aliinama kukagua tairi ambalo halikuwa na shida. Rabson aliweka kiganja juu ya boksi. Mle ndani mlikuwa na mavuno yote ya mke wake, na sauti zilikuwa zinapungua. Niliona aibu, maana misumari ya wavu ule niliipiga mimi.

Roda ndiye aliyeinuka. Aliteremsha birika, akaviringisha kitambaa kwenye mshikio wa jiko.

— Shika upande huo, Rabson. Tunalipeleka jikoni kwenu. Mama Lusubilo, tangulia utandike maranda, na mlango uache wazi kidogo.

Walivuka barabara na moto wetu.

— Dada Roda, aliita Zabron, — na kahawa?

Roda hakugeuka.

— Hewa safi si ipo? Kunywa hiyo.