Shahidi wa Muzee Léopold

Pale kona ya Nyawera, mbele ya cherehani ya Constantin, kulikuwa na benchi ya watu wanne ambayo kila asubuhi ilibeba sita. Ramazani aliwauzia kahawa ya tangawizi. Asubuhi ile muzee Léopold, aliyelinda gereza miaka ishirini na sita, alirudi kutoka bureau ya pension akaketi bila kusalimia mtu. Kazini aliingia kwa jina la Léopold. Kisha serikali ya Zaïre ikakataza majina ya kizungu, na kitambulisho chake kipya kikaandikwa Kasongo Mulume. Sasa karani alitaka mtu aliyemwona kazini, aje aape kwamba Léopold na Kasongo ni mtu yuleyule. Walinzi wenzake walikuwa wamekufa, au wamehamishiwa mbali.

— Peleka maman Adélaïde, akasema Ramazani. Bibi anajua mutu mwenye alimuoa.

— Hawataki bibi. Iko famille.

— Andikia ministre Kinshasa, akasema Constantin. Kwa mdomo wake, benchi nzima ilimwita Avocat, yaani wakili.

— Jibu itanikuta kwa makaburi.

— Ndiyo hiyo! Avocat akaruka. Tuseme Léopold alikufa. Maman Adélaïde anakula pension ya mujane. Kisha anaolewa na huyu Kasongo!

— Na mahari nitoe tena? akauliza Léopold.

Benchi ikacheka. Yeye hakucheka. Jana usiku alifungua sanduku la mkewe akakuta kitenge kizuri hakipo. Alielewa kwamba Adélaïde amekiuza kimya kimya ili wapate chakula, naye hakuthubutu kumuuliza.

Kando yao alisimama mtu wa Luvungi, gunia la mchele miguuni, akinywa kahawa.

— Samahani, ba papa. Shahidi lazima akuwe gardien, mulinzi wa gereza? Mufungwa hawezi?

Léopold akainua macho, akamtazama mgeni, akamtambua. Alikuwa amefungwa miaka miwili, kwa kahawa ya magendo iliyovushwa mto Ruzizi.

— Placide, akasema polepole. Siku moja nilikupiga.

— Fimbo tatu. Mugongo inakumbuka.

— Sasa nitakuomba namna gani?

Placide akaweka kikombe chini.

— Bibi yangu alipozaa, ulipokea mutoto kwa mulango, ukaniletea ndani nimubebe. Chef wa gereza angekuona, angekufukuza. Ile pia ninaikumbuka. Na kila asubuhi uliita jina yangu, papa. Mimi nisahau yako?

Ramazani akamkatalia mgeni pesa ya kahawa. Avocat akafunga cherehani yake, na wote wakapanda pamoja hadi bureau.

Karani aliwaruhusu wawili tu waingie.

— Ulimuona huyu kazini? akamuuliza Placide.

— Kila siku.

— Wewe pia ulikuwa gardien?

— Hapana.

— Sasa miaka ile ulikuwa unakaa wapi?

Placide akamwonyesha Léopold kwa kidevu.

— Kwake.

Karani akaweka kalamu chini, akawatazama wote wawili. Kisha akaichukua tena, akaandika. Muhuri ulipogonga karatasi, Léopold alimshika Placide mkono, na hakukumbuka kuuachia mpaka walipofika barabarani.