Msifunue Kitambaa

Nilitoka mbio na Ema, mwanangu wa kiume, mkononi, bati la uzio limemchana paji la uso, damu imeshamwingia jichoni, na watu wa karibu walikuwa haohao wa benchi la kahawa, hapa Tunduma, pale malori yanapojipanga kuingia Zambia. Asubuhi ile walikuwa watatu: Osea mwenye birika, Shadrack, tunamwita Betri kwa sababu anachaji betri za magari, na Zebedayo, yaani Forodha, ambaye hajaajiriwa forodhani hata siku moja ila sheria zake zote anazo kichwani. Wakampigia Lusubilo wa bodaboda anipeleke hospitali, akasema anaweka mafuta, anakuja. Nikakunja ncha ya kitenge nikaweka juu ya mkato. Tukasubiri, na benchi lile haliwezi kusubiri kimya.

— Tulia, mama Ema, akasema Betri. Damu inagandishwa na upepo. Ni kama uji, ukiutoa nje unashika utando.

— Upepo? Forodha akadakia. Tunduma hii upepo unang'oa mabati, mbona bado inatoka?

— Inatoka wapi? Hebu tuone.

Wakafunua kitenge. Ikachuruzika upya mpaka kidevuni, mtoto akalia, nami nikalia.

— Umeona? Siyo upepo, akasema Forodha. Sikiliza, shemeji. Mwili una geti. Ngozi ikikatika, geti liko wazi, kila lori linataka kupita bila karatasi. Ndiyo mwili unatuma askari, wanalaza gogo barabarani, foleni inasimama. Kuganda ni foleni tu.

— Na askari wakila rushwa? Osea akauliza.

— Ndiyo hayo unayoyaona.

— Basi tuangalie kama wamefika kazini.

Wakafunua tena. Nilitaka kusema, mimi hayo nilisoma sekondari, kuna vijichembe vinakimbilia kwenye mkato, vinashikana, halafu nyuzi zinajisuka juu yake kama wavu, niliyaandika kwenye mtihani na nikafaulu, lakini Osea akanitangulia.

— Nyie wa mjini mnachelewesha, akasema Osea, anainama kwenye birika. Kwetu Igamba, ukikatwa na msumeno wa kupogolea mibuni, unabandika machicha ya kahawa. Kwisha.

— Baba, usimwekee machicha mwanangu, nakuomba!

— Haya, siweki. Nifute tu kidogo nione kina chake.

Akafuta. Ikatoka tena.

— Makelele hayo, akasema Betri. Damu inasikia. Mama akilia, inadhani vita bado, inaendelea kutoka.

— Kwa hiyo damu ina masikio? akauliza Forodha.

— Ukilala ubavu, sikio kwenye mto, unasikia nini? Du, du, du. Ni yenyewe, imesimama mlangoni inakusikiliza.

— Betri, unywe maji.

Hapo nikapasuka.

— Kaka yangu Gwakisa alikufa kwa jino! Aling'olewa jino tu, damu ikakataa kuganda, tukamzika! Na tulifundishwa kuna ugonjwa huo, mama anampa mwanawe wa kiume, yeye mwenyewe haumwi. Kama mama huyo ni mimi?

Ndipo akafika mama mmoja kutoka Nakonde, upande wa Zambia, mzigo wa vitenge kichwani, Loisi jina lake.

— Mulishani, akatusalimu kwa Kibemba, akaomba kahawa. Akamwona Osea ananyoosha mkono kwa Ema.

— Mbona mnafunua?

— Tuone kama imeganda.

— Na kama imeganda, mkifunua si mnaibandua?

Loisi akatua mzigo, akakaa kando yangu, akaubana mkono wangu juu ya kitenge.

— Kandamiza hapo, usichungulie.

— Mama ni nesi? akauliza Betri.

— Nauza vitenge. Naona tu mkono wenu hautulii.

Tukakaa. Kahawa ikapoa vikombeni. Ema akaacha kulia, akaanza kuchezea kifungo changu, na pikipiki ya Lusubilo ilipofika, kidevu chake kilikuwa kikavu. Nikapanda nyuma naye, kiganja palepale. Loisi akanishika goti.

— Huyo kaka yako, naye walikuwa wanafunua?

Watatu wale wakanitazama. Nikamkumbuka mama yangu siku ile ya jino, tochi mkononi, anamwambia Gwakisa achama nione, anatoa pamba, anaweka nyingine, achama tena. Kilichomuua ni ile pamba kubanduliwa? Au ni damu yenyewe?

— Kawaulize huko hospitali, mama Ema, akasema Forodha taratibu.

Njia nzima sikuchungulia. Hospitali, dada mwenye gauni jeupe akasema, toa mkono nione. Nikamwambia, nitatoa, dada, ila kwanza nikueleze habari za kaka yangu.